Makocha Honoraire wa Auderghem

Habari ililetwa na Juma, yule wanayemwita Buyenzi kwa kuwa hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa bila kuitaja Buyenzi, mtaa wake wa Bujumbura. Jioni hiyo ya Oktoba 2010 aliingia dukani kwa Maman Mwanvua na mwavuli uliopinduliwa na upepo, hakumsalimu mtu, akasema:

"Coach Hamza katuacha."

Benchi zima lilisimama. Donat alivua kofia. Tshibangu alifanya ishara ya msalaba. Maman Mwanvua, aliyekuwa akipanga kadi za simu, alishika kichwa.

"Yesu! Alikufa lini?"

"Nani kasema kafa? Kapata kazi Namur."

"Aaa, Namur," Donat akasema, akirudisha kofia kichwani. "Bon. Condoléances tuweke pembeni. Lakini haiko mbali sana na kufa."

Duka lenyewe lilikuwa Saint-Josse, kati ya kinyozi wa Kituruki na muuza mapazia. Lilikuwa na vibanda vinne vya simu, cha tatu kibovu tangu kiwekwe, thermos ya kahawa, mandazi chini ya kitambaa, na ukutani saa tatu: ya Brussels, ya Lubumbashi na ya Bujumbura. Lubumbashi na Bujumbura saa yao ni moja, kila mtu analijua hilo, ila Wakatanga na Warundi kila upande ulidai saa yake, na Maman Mwanvua akatundika mbili ili afanye biashara kwa amani. Wakati wa kiangazi zote tatu zinasema kitu kimoja, na bado watu wanabishana.

Chini ya saa hizo lilikaa benchi, na kwenye benchi walikaa wakubwa wa ufundi wa timu ya mpira ya chuo kimoja cha Auderghem. Msomaji asishangae. Miaka saba nyuma, Donat alikuwa na mpwa wake pale chuoni. Wanafunzi walitafuta mtu mzima wa kusimama nao kiwanjani, mpwa akamleta mjomba, mjomba akaleta rafiki, rafiki akaleta rafiki. Mpwa alihitimu, akaoa, akahamia Liège. Wanafunzi wenzake sasa wana vitambi. Wajomba ndio hawajahitimu mpaka leo.

Donat walimwita Protocole, kwa sababu ya suti na tai hata kwenye mandazi, na kwa sababu zamani kule Lubumbashi alipanga sherehe za wakubwa wa kampuni. Tshibangu alikuwa Docteur. Wiki nzima aliwaogesha vikongwe katika nyumba ya wazee, na Jumamosi alitibu magoti, matumbo na mapenzi kwa kopo lilelile la mafuta ya kuchua. Juma alikuwa kocha wa makipa. Na Tharcisse, mtu wa Likasi, alikuwa Adjoint. Hilo wala si jina la utani, ndicho kilikuwa cheo chake. Alikuwa msaidizi wa Mwenze, kocha wa kwanza. Akawa msaidizi wa Mbelgiji mmoja aliyekimbia kabla ya Krismasi. Akawa msaidizi wa Hamza. Makocha walikuja wakaenda, na Tharcisse akabaki palepale pembeni ya mstari, mikono nyuma, akingoja.

Kusikia Namur, Tharcisse aliweka kikombe chini. 

"Donc," akasema polepole, kama mtu asiyejali, "kiti iko wazi."

"Wazi kwa nani?" Donat akadakia. "Tufuate ancienneté, nani alitangulia. Timu, mi njo niliileta."

"Ulileta timu?" Docteur akacheka. "Ulileta mupwa! Timu ulikuta pale, na mipira yake. Wandugu, tuache siasa. Football ya leo ni science. Na science mu hii staff iko kwa nani?"

"Science gani?" Juma akauliza. "Dady, yule mshambuliaji wetu, alivunjika kidole cha mkono, ukampaka mafuta gotini."

"Ju maumivu inashukaka! Ulisoma anatomie, weye?"

"Mimi nimesoma Buyenzi. Kwetu Buyenzi mganga anaanza kwa kuuliza wapi panauma."

"Weye unyamaze. Kipa wako mwaka jana aliokota mipira mu goli mpaka akapata mal de dos, mugongo yote."

"Mimi ni kocha wa kipa, sikuwa kipa. Mwalimu wa kuogelea haulizwi kwa nini fulani kazama."

"Anaulizwaka!" Maman Mwanvua akasema toka kaunta. "Anaulizwaka yeye wa kwanza."

Tharcisse alikohoa. Alikuwa ameiandaa sentensi ile tangu enzi za Mwenze.

"Na miye? Sept ans niko adjoint. Batoto bananijua. Plan yangu banaijua."

"Plan yako hata mama yangu anaijua, na hayuko anaangaliaka mpira," Docteur akasema. "Katikati! Dans l'axe!"

"Ni ya kweli! Njia ya kunyooka njo fupi. Lakini batoto ya siku hizi banakichwa ngumu. Hasa ule Dady. Mi nalalamika kwa makelele 'dans l'axe, dans l'axe', yeye mbio mu pembeni sawa mwizi. Kama ningekuwa coach principal, angenisikia."

Wote wakamtazama kwa huruma. Donat alimwekea mkono begani.

"Adjoint, ndugu yangu. Weye uko muzuri sana. Njo maana hatuwezi kukutosha, kukuondoa pale uko. Timu inataka changement, sawa. Lakini inataka na continuité. Changement nitaileta miye. Continuité njo weye."

"Apana, changement njo miye," akasema Docteur.

"Hata mimi naweza kuwa changement," akasema Juma.

Kila mtu alijitakia mabadiliko na kumwachia Tharcisse mwendelezo. Roho ilimuuma, akamega andazi ili mdomo upate kazi nyingine. Wiki nzima alisukuma mkokoteni wa usafi katika ofisi ambamo watu huinua miguu apite, macho yao yakiwa bado kwenye kompyuta. Jumamosi tu, mtu mmoja mmoja alimwita coach, hata kama mkia wa adjoint ulifuata nyuma. Hofu yake kubwa haikuwa kukosa kile kiti. Ilikuwa kukosa Jumamosi.

"Lakini mmenikata," Juma akasema, akijimiminia kahawa taratibu, maana alipenda habari iive. "Nimewaambia Hamza kaenda. Sijawaambia nani kaja."

"Nani kaja?"

"Msichana."

Saa ya Lubumbashi na ya Bujumbura zilisikika zikishindana.

"Musichana ya nani?" Donat akauliza, kwa sababu kwetu swali ni hilo kwanza.

"Sephora. Binti wa Maman Thérèse."

"Thérèse wa chorale? Ule mutoto nilimubeba ku ubatizo! Alinikojolea ku veste ya suti!"

"Basi sasa anakufundisha mpira. Ana diploma ya makocha, chuo kimemchukua. Nasikia anataka kubadilisha staff yote."

"Mwanamuke atatuongoza shiye?" Docteur akapiga goti lake.

"Na hapa nani anawaongozaka?" Maman Mwanvua akauliza. "Saa mbili nikisema nafunga, mote munatoka sawa kuku."

"Hapa ni biashara, maman. Kule ni ufundi."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Juma akasema. "Waacheni wanafunzi wapendezwe. Watarudi kwetu. Huyo binti atafundisha kwa kutumia nini?"

Hapo uso wa kila mmoja ulitulia, kwa sababu hiyo ilikuwa siri ya utawala wao. Mwenze alipoondolewa, miaka ile, kila mtu kwenye benchi aliona kiti chake kikipata moto, na kila mmoja akabeba kitu nyumbani. Donat alibeba filimbi ya mazoezi. Juma alibeba ufunguo wa kabati la mipira. Docteur alibeba sanduku la dawa. Tharcisse alichelewa kidogo, akakuta imebaki sindano ya pampu. Toka siku hiyo hapakuwa na mazoezi bila wote wanne: mpira haukutoka kabatini bila Juma, haukujaa upepo bila Tharcisse, haukuanza bila Donat, na hakuna aliyethubutu kuumia bila Docteur. Hamza alifanya kazi miaka mitatu akiwa amezungukwa hivyo.

"Tulikuwa un plus quatre," Donat akasema kwa fahari. "Sawa ile serikali ya kwetu ya président mumoja na bavice-président bane. Na ilitembea!"

"Ilitembea wapi?" Maman Mwanvua akauliza.

Hakujibiwa, kwa sababu mlango ulifunguliwa na Sephora mwenyewe akaingia. Alikuwa msichana mrefu mwenye raba zenye matope na begi kubwa begani. Alizaliwa Brussels, Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, lakini adabu ilikuwa kamili: alipita mmoja mmoja, akishika kila mkono kwa mikono miwili, goti likikunjika kidogo.

"Bapapa, jambo yenu. Pardon kama nasumbua. Coach Hamza aliniambia nitawakuta huku."

"Jambo, mutoto yangu," Donat akasema bila kutabasamu. "Tulisikia unakuya kututosha."

"Mi? Kutosha bapapa? Jamais. Nilikuya ju ya remise-reprise."

Donat aliinuka kama mtu aliyeitwa na wimbo wa taifa. Kule kwetu hakuna mkubwa anayeacha kiti kimyakimya. Anayetoka na anayeingia husimama uso kwa uso, hotuba zikatolewa, vitu vikakabidhiwa mbele za watu, mikono ikapeanwa polepole ili mpiga picha apate nafasi. Hiyo ndiyo remise-reprise. Donat alikuwa amezipanga nyingi maishani mwake, na toka afike Ulaya hakuna aliyewahi kumwomba hata moja. Macho yake yalilowa.

"Mutoto anajua," akanong'ona. "Maman Mwanvua, zima redio. Docteur, funga kifungo ya shati. Tuko mu cérémonie."

Meza ilifutwa. Soda zilifunguliwa. Sephora alisimama upande wa vibanda, wazee upande wa saa.

"Kabla ya vitu," akasema, "niko na nominations. Mu hii timu bantu batatumika, bataondoka, lakini heshima inabaki. Donc, Papa Donat: Coach Honoraire, Directeur ya Protocole."

"Honoraire, cheo ya heshima!" Donat akaguna, akainama kama askofu. Akatoa filimbi mfukoni, ikiwa kwenye leso nyeupe, akaiweka kiganjani mwa binti.

"Papa Tshibangu: Médecin-Chef Honoraire."

"Chef," Docteur akarudia, ili wote wasikie. Akasukuma sanduku alilozoea kutembea nalo.

"Papa Juma: Coach Honoraire ya bakipa bote."

"Wote? Hata waliopita?"

"Na benye batakuya."

Juma akatoa ufunguo. Sasa ikabaki zamu ya Tharcisse. Alijua kinachokuja. Adjoint Honoraire: msaidizi hata katika kustaafu. Alishaanza kutabasamu tabasamu la mtu anayepokea soksi siku ya Noeli.

"Na Coach Tharcisse," Sephora akasema.

"Coach nini?" Donat akauliza haraka.

"Coach. Coach Principal Honoraire."

Kwa hiyo Tharcisse akawa kocha mkuu mstaafu bila kuwa kocha mkuu hata siku moja. Watu wenye akili wangecheka. Yeye alitia mkono ndani ya pochi yake, nyuma ya picha ya mke wake, akaitoa ile sindano ndogo iliyong'aa kwa kusuguliwa miaka yote, akampa.

"Ushike muzuri," akasema. "Uilowanishe na mate mbele ya kuingiza. Ukiiingiza kavu, inapasula mupira."

"Aksanti, Coach."

Mikono ilipeanwa polepole ingawa mpiga picha hakuwapo. Sephora aliaga, goti likakunjika tena, begi likatoka limejaa. Mlango ulipojifunga tu, Juma alianza kutikisika mabega.

"Unalia?" Docteur akamuuliza.

"Nalia nini! Ule ufunguo," Juma akasema akifuta machozi ya kicheko, "ni wa baiskeli yangu iliyoibiwa Schaerbeek." Akatoa ufunguo mwingine toka kwenye soksi. "Wa kabati huu hapa. Asiyekuwapo na lake halipo, mimi nitakuwapo!"

Donat alijikaza, protokali ikamshinda, akapasuka. Filimbi aliyoitoa ilikuwa ya mjukuu wake, iliyosahauliwa mfukoni mwa babu, imekosa kile kipunje cha ndani. Ukipuliza inatoa hewa tu, kama mzee anayepanda ngazi. Docteur naye akafungua koti: kopo la mafuta lilikuwa kifuani. Ndani ya sanduku alikuwa ameacha pamba na kalenda ya mwaka uliopita. Walishikana mikono, wakagonga soda, wakasifiana ujanja mpaka kinyozi wa Kituruki akachungulia kuona kama ni ugomvi.

"Na weye, Adjoint?" Donat akauliza. "Ulimupatia sindano gani? Ya cherehani?"

Tharcisse alitazama saa ya Lubumbashi.

"Ya kweli."

"Ya kweli kweli?"

"Aliniita Coach," akasema.

Walimcheka. Walimcheka hadi Juma akalala ubavu kwenye benchi. Coach Principal wa ujinga! Serikali nzima imeangushwa kwa neno moja! Maman Mwanvua hakucheka. Alikuwa akikusanya chupa, na aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na samedi, ku mechi, munaenda sawa banani?"

"Sawa bahonoraire," Docteur akasema.

"Na Mwenze? Mulimufanyiaka nini, ile mwaka?"

Kicheko kilikatika. Kila mtu alikumbuka. Mwenze walimwita Coach Honoraire, kwenye benchi hilihili, kwa soda hizihizi, na lengo lilikuwa moja tu: asirudi tena kwenye mstari. Waliokuwa wamebuni mtego ule ndio sasa wameuingia, tena kwa kusukumana nani atangulie.

"Ametutosha," Donat akasema, akikaa taratibu. "Kwa protocole yangu mwenyewe."

"Tumwachie basi," Juma akasema kwa hasira. "Asiende mtu. Filimbi hana, ufunguo hana. Jumamosi atapiga simu hapa analia."

Wakaapa. Donat kwa Biblia, Juma kwa Mungu mmoja, Docteur kwa kaburi la bibi yake. Tharcisse aliapa mwisho, sauti ndogo, na alipokuwa akirudi nyumbani mfuko wake ulikuwa mwepesi ajabu, kana kwamba sindano ile ilikuwa na uzito wa gunia.

Jumamosi mvua ilinyesha toka alfajiri. Tharcisse alimwambia mke wake anakwenda kununua mkate, akachukua metro hadi kituo cha mwisho, Auderghem. Alipopanda ngazi kutokea nje akamkuta Docteur amesimama chini ya kibaraza, kifua kimevimba upande mmoja kwa kopo.

"Adjoint! Unatafuta nini huku?"

"Mi? Niko naenda mu forêt. Kutembea."

"Kumbe! Miye pia. Ni muzuri kwa tension."

"Na hii mvua?"

"Mvua ni nature."

Juma akatokea nyuma yao, kofia imeshushwa hadi puani. Naye alikuwa anakwenda kuangalia miti.

"Kwenu Buyenzi hakuna miti?"

"Ipo. Lakini haina utulivu."

Na wakati wanashangaa bahati hiyo ya kukutana, Donat akashuka kwenye basi akiwa na suti, tai na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi.

"Na weye, Protocole, unaenda mu pori na cravate?"

"Pori nayo iko na heshima yake," Donat akajibu, bila kumwangalia mtu usoni.

Watu wetu msituni huingia kwa sababu: kuni, uyoga, au kukimbia bunduki. Kuingia tu, kuzunguka, kisha kutoka mikono mitupu na kusema ilikuwa safi, hilo tumewaachia wenyeji. Lakini wote wanne walitembea kwa bidii kuelekea msitu, na njia ya msitu, kwa bahati, ilipita kando ya kiwanja cha chuo. Wakasimama kidogo tu kwenye uzio, ili Donat apanguse tope kwenye kiatu.

Mechi ilikuwa imeanza. Refa alikuwa na filimbi yake, jambo ambalo Donat hakuwahi kulifikiria miaka yote. Mipira ilikuwa nje tele. Mtunza kiwanja, kumbe, alikuwa na ufunguo wa akiba wa kabati. Mipira yenyewe ilikuwa imejaa upepo barabara, Tharcisse aliiona inavyodunda, akajua ni sindano ya nani iliyoijaza. Hakusema.

Walisimama kimya. Walikuwa wameapa, na kiburi kilichobaki ni hicho. Timu ilifungwa bao, ikafungwa la pili. Dady na wenzake walikimbia kama watu waliopotea njia, kila dakika wakigeuza shingo kuelekea uzioni. Tharcisse aliuma ulimi mpaka ukamuuma. Wapinzani walikuwa wametulia kila mmoja mahali pake, hawana hata jasho.

Kipindi cha kwanza kilipoisha, Sephora alikuja mbio mpaka kwenye uzio, nywele zimelowa.

"Bapapa, iko nini? Muko bagonjwa?"

"Tuko naenda mu forêt," akasema Docteur.

"Honoraire anaheshimia kiti ya mwenzake," akasema Donat. "Ananyamaza."

"Ananyamaza? Muniue, basi! Coach Hamza aliniachia consigne, agizo moja. Moja tu! Alisema: 'Badilisha byote unataka, lakini makelele ya bapapa usiguse. Ile njo timu.'"

Migongo minne ilinyooka. Docteur akampiga Juma kiwiko: science. Juma akasema kwao Buyenzi walilijua hilo zamani. Tharcisse peke yake ndiye aliyeuliza.

"Donc, batoto banafuataka maneno yangu? Dans l'axe?"

Sephora aliangalia raba zake. Mama yake alimlea vizuri: mkubwa hadanganywi, na mkubwa hatukanwi, na hapa njia ya tatu haikuwepo.

"Banasikilizaka sana, Papa."

"Na banafanyaka?"

"Banafanyaka contraire, kinyume."

Juma alimsogezea mwavuli.

"Ukilalamika 'dans l'axe'," akaendelea kwa upole, "bale ba équipe ingine banasikia papa mukubwa, na sauti ya coach, banafikiri njo plan. Bote banajaa mu katikati. Na Dady anapita mu pembeni, peke yake. Mwaka jana magoli karibu yote ilitoka vile. Leo mumenyamaza, bale banabaki bamejipanga, na batoto hawajui hata fasi ya kupita."

Tharcisse alishika uzio. Miaka saba alikuwa amefundisha, na alikuwa amefundisha vizuri sana, na wanafunzi wake walimtii; ila walivaa jezi nyingine. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kisha akawatazama wenzake, Donat na tai inayochuruzika maji, Docteur na kopo kifuani, Juma mtazama miti, akashindwa kujizuia.

"Donc niko coach principal," akasema, akicheka hadi uzio ukatikisika.

"Principal ya nani?" Donat akauliza.

"Ya bale! Ya équipe zote tulicheza nazo! Kuna muntu mu Bruxelles alifundisha timu mingi kunishinda?"

Hapo wakacheka wote, Sephora naye, akijificha nyuma ya kiganja. Refa alipuliza. Tharcisse alijifuta uso na kumvuta binti karibu, kama fundi anayemnong'oneza fundi mwenzake.

"Bon. Kipindi ya pili unataka bapite wapi? Uniambie, mi nitalalamika kinyume."

"Hapana, Coach, tafadhali," Sephora akasema kwa haraka. "Ukifikiria, utaharibu. Sema tu vile moyo yako inaona."

Basi Tharcisse alirudisha mikono nyuma, akaangalia uwanja kwa makini yote aliyokuwa nayo, akapima, akatafakari, akaona kwa uhakika kabisa pale mpira unapopaswa kupita.

"Dans l'axe!" akanguruma. "Katikati, batoto! Dans l'axe!"

Donat akasema rudini nyuma, Docteur akasema kaeni chini mpumue, Juma akamwambia kipa atoke golini. Wapinzani waligeuza vichwa uzioni, wakaitana, wakajaa katikati kama abiria wanaong'ang'ania mlango mmoja. Na Dady, upande wa mbali, akaondoka na mpira peke yake katika nafasi tupu, akapiga, wavu ukacheza.

Uzio ulilia. Juma na Donat walikumbatiana, suti na yote. Tharcisse alikuwa ameinua mikono juu, machozi na mvua vikimchanganyikia mashavuni, huku akitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Munaona?" akawaambia wenzake. "Munaona ule mutoto? Hasikiake hata kidogo!"